Darasa, Kibanja na Kazi ya Uchungaji katika Bukoba na Muleba

Elimu ya dini ya Kikristo ilifika Bukoba kabla ya shule ya dini. Mwishoni mwa karne ya 19, Wahaya waliokwenda Buganda kwa biashara, kwa vibarua au kwa shughuli za watawala walirudi na vitabu vidogo vya Kiganda, wakaanza kufundishana kusoma. Mara nyingine walifanya hivyo kwa kificho, kwa kuwa wafalme wa Buhaya hawakuwa na hakika wasomaji hao wanamtii nani. Hapakuwa na mwalimu mwenye cheti wala mchungaji aliyewekewa mikono. Aliyejua kurasa chache zaidi ya wenzake ndiye aliyewafasiria. Wilson Niwagila, aliyetoa historia ya Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 1988, aliufananisha mwanzo huo na Wakristo wa Roma ya kale waliokutana katika mahandaki ya makaburi.

Wamisionari walikuta basi watu ambao tayari wana maswali. Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki, wakitoka Uganda chini ya Askofu Yohane Yosefu Hirth, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, kaskazini ya mji wa Bukoba. Upande wa Waprotestanti ilichukua muda mrefu zaidi. Ni mwaka 1910 ndipo wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walipofika, wakiongozwa na Ernst Johanssen aliyekuwa amefanya kazi Rwanda, na waliowapokea ni wasomaji wenyeji waliokwisha kukutana kwa miaka kadhaa bila mzungu yeyote. Jambo hili lina uzito katika kueleza yaliyofuata. Mahali ambapo muumini ameanza kwa kusoma, humtazamia kiongozi wake awe amesoma zaidi, na haoni haya kumuuliza.

Kanisa Katoliki lilichagua njia ndefu. Seminari ya Rubya, katika Ihangiro ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba, ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa muda ilipokea vijana wa eneo pana sana: Buhaya, Ukerewe, Usukuma, hata Rwanda. Kijana aliingia akiwa mdogo, akajifunza Kilatini kwanza, kwa sababu falsafa na theolojia zote zilifundishwa kwa lugha hiyo. Aliyeshindwa Kilatini alirudi nyumbani, hata kama alikuwa na moyo wa sala kuliko wote. Waliovumilia walikaa masomoni zaidi ya miaka kumi. Tarehe 15 Agosti 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, wanne kati yao walipata daraja ya upadre: Angelo Mwirabure, Celestine Kipanda, Willibard Mupapi na Oscar Kyakaraba. Hao ndio mapadre wazalendo wa kwanza wa nchi ambayo sasa ni Tanzania, na mwaka 2017 Kanisa Katoliki nchini liliadhimisha miaka 100 ya tukio hilo.

Malezi ya namna hiyo yamelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki. Kijana aliondolewa kwenye kibanja cha baba yake akiwa hajajua vizuri desturi za ukoo, akarudi akiwa mtu mzima anayeweza kujibu hoja za Thoma wa Akwino na asiyejua nani ana haki ya kukata ndizi za marehemu siku ya matanga. Lakini njia hiyo ilikuwa na faida ambayo wakosoaji huipita haraka. Padre wa Rubya alisoma vitabu vilevile alivyosoma padre wa Paris au Munich, akafanya mitihani ya kiwango hichohicho, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa ikimwandaa Mwafrika zaidi kwa ukarani. Kwa miongo kadhaa, nje ya seminari, hapakuwa na sehemu katika Tanganyika ambapo kijana mweusi angeweza kusoma falsafa.

Matunda yake yalionekana kwa Laurean Rugambwa. Alizaliwa mwaka 1912 eneo la Rutabo, Muleba, akabatizwa akiwa mtoto wa miaka minane, akapita Rubya, kisha Seminari Kuu ya Katigondo huko Uganda. Alipata upadre Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 31. Baada ya kuhudumu parokiani alipelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa, na mara alipomaliza masomo akateuliwa kuwa askofu. Aliwekwa wakfu Februari 1952. Mwaka 1953 Rutabo ikawa jimbo chini yake. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa XXIII alimfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupata cheo hicho, na mwaka huohuo makao yake yakahamia Bukoba. Alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano ambao, kati ya mambo mengine, uliruhusu Misa isomwe kwa lugha za watu. Kwa mtu aliyetumia ujana wake wote kumeza Kilatini, mabadiliko hayo hayakuwa madogo. Kutoka 1968 hadi 1992 alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Alifariki Desemba 1997, na mwaka 2012 mabaki yake yalirudishwa kuzikwa katika kanisa kuu la Bukoba lililokuwa limekarabatiwa.

Walutheri walikwenda kwa njia nyingine kabisa. Kwao mtu alianza kuwa mwalimu wa shule ya kijijini, akapanda kuwa mwinjilisti, na baada ya miaka mingi ya kupimwa na usharika ndipo alipelekwa kwenye kozi ya uchungaji. Alikuwa na mke na watoto, alilima kahawa na migomba kama jirani zake, na masomo yake yalikuwa mafupi. Alichokosa darasani alikuwa nacho shambani. Nguvu na udhaifu wa utaratibu huo vilijitokeza pale wamisionari walipoondoka, na waliondoka mara mbili: Waingereza walipoishika nchi wakati wa vita ya kwanza, kisha Wajerumani walipokamatwa mwanzoni mwa vita ya pili. Kila mara sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wachungaji wachache wazalendo, na kila mara zilisimama imara. Waliozisimamisha walifanya hivyo bila maktaba na kwa elimu ambayo leo isingewapa hata nafasi ya kujiunga na chuo cha theolojia.

Miongoni mwa Waswidi waliokuja kuziba pengo la Wajerumani alikuwamo Bengt Sundkler, aliyekaa Bukoba kati ya 1942 na 1945. Baadaye alikuwa profesa wa historia ya misheni huko Uppsala, na mwaka 1960 alichapisha uchunguzi mkubwa juu ya wachungaji wa Afrika na jinsi wanavyoandaliwa. Suala lililomshughulisha ni kwamba shule za theolojia barani zilikuwa zikimfundisha mchungaji kana kwamba atakwenda kuhudumu katika mji wa Ulaya. Mwaka 1961 alirudi Bukoba akiwa askofu wa kwanza wa kanisa la Kilutheri la huko, akakaa miaka mitatu tu, kisha akampisha mwenyeji. Ni wachache kati ya wageni wa kizazi chake walioondoka mapema kiasi hicho.

Mwenyeji huyo alikuwa Josiah Kibira, mzaliwa wa Kashenye, karibu na mpaka wa Uganda, mwaka 1925. Alikuwa mwalimu kwanza, na aliguswa na uamsho wa Afrika Mashariki uliotokea Rwanda na Uganda na kuenea Buhaya, ule ambao watu wake walisimama hadharani kuungama dhambi na kuwakosoa hata wachungaji wao. Alisoma Bethel, Ujerumani, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960, akaenda Boston, Marekani, na mwaka 1964 akawa askofu. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza, akashika nafasi hiyo hadi 1984.

Mwanaume wa uamsho kwa kawaida huwa na shaka na vyuo. Kibira aliishi na vyote viwili, na kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu kinaonyesha alivyofanya. Alichukua jambo ambalo wahubiri wa uamsho walilikemea na ambalo vitabu vya Ulaya havikulijua, yaani ukoo wa Kihaya, akalifanya kuwa swali la theolojia. Buhaya mtu hazaliwi peke yake. Ukoo una mwiko wake, una mkuu wake, na juu ya yote una kibanja, ile bustani ya migomba na kahawa inayozunguka nyumba, ambamo kuna makaburi ya babu. Ukoo ndio unaosema nani arithi, nani aoe wapi, nani azikwe wapi. Mtu anapobatizwa na kuambiwa sasa ana ndugu wengine wasio wa damu, ukoo husikia maneno hayo kwa masikio yake wenyewe.

Njia ya kupata ndugu asiye wa damu ilikuwepo tangu zamani. Iliitwa omukago. Watu wawili walichukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake buni mbili hulala zikitazamana katika ganda moja. Wakajichanja karibu na kitovu, kila mmoja akapaka damu yake kwenye buni na kumpa mwenzake aimeze. Tangu hapo walikuwa ndugu, na kuvunja undugu huo kulikuwa jambo la kutisha kuliko kugombana na ndugu wa tumbo moja. Desturi ya damu imekufa. Kahawa ya kutafuna bado ipo: matunda mabichi huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakaanikwa, na mgeni anapofika hupewa kidogo kiganjani kabla ya mazungumzo. Mwanafunzi wa theolojia wa Buhaya anapofundishwa juu ya Meza ya Bwana, kuhusu mwili unaotolewa na damu inayofanya watu wasiohusiana kuwa nyumba moja, ana mahali pa kuanzia ambapo mwanafunzi wa Hamburg hana. Hatari yake nayo ni wazi, kwa kuwa omukago ulikuwa wa watu wawili waliochaguana, ilhali anayekwenda mezani kanisani hakumchagua anayepiga magoti karibu naye.

Siku ya msiba ndiyo inayoonyesha padre au mchungaji amesoma nini hasa. Anapofika nyumbani kwa marehemu hukuta mambo yamekwisha kupangwa. Sakafu imetandikwa nyasi, wanawake wamekaa ndani pamoja na mjane, wanaume wako nje chini ya turubai au kwenye migomba, na kaburi linachimbwa mahali ambapo wazee wa ukoo wamepaonyesha. Padre au mchungaji ana sehemu yake: sala, somo, mahubiri, kubariki kaburi. Nyuma yake yapo mambo ambayo hayamo katika kitabu cha ibada. Mrithi atatajwa. Wosia utasomwa, kama upo, na kama haupo ukoo utakaa. Pengine marehemu alikuwa na mke wa pili ambaye kanisa halimtambui, na watoto wake wamesimama pale. Pengine aliishi na mwanamke miaka 20 bila ndoa ya kanisani, na baraza la wazee linauliza kama kengele ipigwe. Sheria ya kanisa ina jibu kwa kila moja ya maswali haya. Mchungaji mwenye busara hulijua jibu hilo kabla hajatoka nyumbani kwake, halafu akakaa kwenye benchi na kusikiliza kwa muda mrefu kabla ya kulitamka.

Miaka ya 1980 ilikuja na mitihani ambayo hakuna chuo kilichoitungia somo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, zilimo Bukoba na Muleba, mwaka 1983. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima wapatao 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Hospitali za makanisa, Ndolage ya Walutheri huko Kamachumu na Rubya ya Wakatoliki, zilijaa. Kulikuwa na wiki ambazo mchungaji wa usharika wa kijijini alitoka kaburi moja akaenda jingine, na waliozikwa walikuwa vijana aliowapa kipaimara mwenyewe.

Wahubiri wengi walijibu kwa kusema ni adhabu ya Mungu. Inafaa jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu maneno hayo yaliwafanya wagonjwa wafiche hali zao na wengine wafe bila kutembelewa. Jibu hilo lilikuwa kosa la theolojia kabla ya kuwa kosa la afya: kitabu cha Ayubu kinaikataa hoja hiyohiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila aliyepita chuoni alikuwa amekisoma. Mabadiliko yalitoka kwa waliokuwa karibu zaidi na vitanda. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilianzisha HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto, kwa ajili ya yatima, na wachungaji wakaanza kujifunza mambo ambayo zamani waliyaacha kwa wauguzi na mahakimu: kuongea na mgonjwa bila kumhukumu, kumsaidia aandike wosia angali ana nguvu, kukaa na mtoto wa miaka 12 aliyebaki kuwa mkuu wa nyumba. Mafunzo ya uchungaji wa hospitalini, kama yale yanayotolewa katika Hospitali ya KCMC, Moshi, yalipata wanafunzi waliojua kwa nini wamekwenda. Leo mwanafunzi hufundishwa ushauri nasaha kama somo la kawaida. Somo hilo limelipiwa kwa makaburi mengi ya Kagera.

Sehemu nyingine ya theolojia ya Bukoba haikuandikwa kwa insha. Imeimbwa. Bernard Kyamanywa, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo cha Theolojia Makumira karibu na Arusha miaka ya 1960, alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa mahadhi ya Kihaya. Umetafsiriwa Kijerumani na Kiingereza na umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ulaya na Marekani, ambako waimbaji wengi hawajui Bukoba iko wapi. Niwagila naye, yule mwanahistoria, ana wimbo wa kumwomba Roho Mtakatifu ulioenea vivyo hivyo. Kule Ruhija, ambako Walutheri walikuwa na chuo cha kuandaa watumishi, palianzishwa pia shule ya muziki wa kanisa. Uamuzi huo ulikuwa wa maana, kwani kabla ya hapo ngoma na enanga, ala ya nyuzi ya Kihaya iliyotumika kusimulia matendo ya wafalme, vilihesabiwa kuwa vyombo vya upagani, na kwaya ilifunzwa kuimba kana kwamba imezaliwa Saksonia. Muumini husahau mahubiri kabla ya kufika nyumbani, lakini ubeti anao mpaka uzeeni. Kwa hiyo anayetunga nyimbo hufundisha imani kwa watu wengi kuliko profesa, na hakuna anayemsahihishia mtihani wake.

Mazungumzo kuhusu mapadre na wachungaji huwasahau watu wanaofanya kazi kubwa kuliko wote. Parokia ya kijijini katika Muleba ina vigango vingi, na padre hawezi kufika kila kimoja kila Jumapili. Anayeongoza ibada, anayefundisha watoto wa komunio ya kwanza, anayeitwa usiku mgonjwa anapozidiwa, ni katekista. Kwa Walutheri ni mwinjilisti wa mtaa. Wote wawili wana mafunzo ya muda mfupi, posho isiyotosha sabuni, na shamba lao wenyewe la kulima. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa mpango wao tangu miaka ya 1970, zimeongeza kiongozi mwingine asiye na kozi yoyote: mama au baba anayeongoza sala ya nyumba kwa nyumba na kueleza Injili ya wiki kadiri anavyoielewa. Sehemu kubwa ya theolojia ambayo Mkristo wa kawaida wa Kagera huisikia maishani mwake, huisikia kwa watu hawa.

Fedha za kuwaendeleza hutoka palepale kijijini. Baada ya ibada ya Jumapili katika usharika wa Kilutheri, watu hawaondoki. Matoleo ambayo si fedha yako mbele ya mlango: mkungu wa ndizi, debe la maharage, kuku aliyefungwa miguu, mayai kwenye kapu, msimu wa Novemba pengine na mfuko wa senene. Mwinjilisti anaanza mnada. Mkungu unaouzwa sokoni kwa bei ya kawaida hupanda mara mbili, aliyeununua huutoa tena, ukauzwa mara ya pili, na mama mmoja huondoka na yai la bei ya kuku. Watu hucheka sana. Kutoka mnada huo hulipwa bati la kanisa, posho ya mwinjilisti, na wakati mwingine karo ya kijana wa usharika aliyeko chuoni. Kijana huyo anapofeli, wanaojua ni wengi.

Njia ya leo ya kufika madhabahuni bado ni ndefu. Mkatoliki akitoka seminari ndogo kama Rubya hupita nyumba ya malezi, kisha falsafa, ambayo husomwa pia hapohapo Bukoba katika Seminari Kuu ya Ntungamo. Halafu theolojia kwa miaka minne huko Kipalapala, Segerea au Peramiho, na katikati mwaka wa kazi parokiani. Mlutheri huanza kwa cheti au diploma, au akaenda Makumira kwa shahada. Bukoba mjini kulianzishwa chuo kilichopewa jina la Josiah Kibira. Waanglikana nao wana Dayosisi ya Lweru yenye makao Muleba. Kando ya hao wote wapo wahubiri wa makanisa mapya ya kipentekoste, ambao wengi wao waliitwa leo na kuanza kesho. Makanisa ya zamani huwadharau kwa kukosa shule. Dharau hiyo haisaidii, kwa sababu waumini wanaohamia huko hawatafuti ujinga. Hutafuta mtu anayewaombea kwa jina, anayefika nyumbani siku hiyohiyo, asiyewatumia ujumbe kupitia katibu. Mtu aliyesoma miaka minane halafu akawa hapatikani amepoteza kitu kati ya darasa na mlango wa muumini. Na kwa upande wa pili, ahadi za uponyaji zinapokosa kutimia, wengi hurudi kwa mchungaji yule wa zamani, wakiwa na maswali mazito kuliko yale waliyoondoka nayo.

Majanga ya miaka ya karibuni yameongeza maswali ya aina hiyo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la kipimo cha 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba, shule na makanisa, na Jumapili iliyofuata watu walisali nje. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika Wilaya ya Bukoba, na hadi ulipotangazwa kwisha mapema Juni walioshukiwa kufa kwa ugonjwa huo walizikwa na watu wenye mavazi ya kujikinga. Hapakuwa na kuosha maiti wala matanga ya kukaa. Nchi ambayo mtu huzikwa na ukoo wake mzima, ndani ya kibanja chake, iliambiwa isimame mbali. Hapo kiongozi wa dini alihitaji kueleza, kwa maneno ambayo bibi kizee atayakubali, kwamba marehemu ambaye hakuoshwa na watoto wake hakutupwa. Hoja za kusema hivyo zimo katika mafundisho ya ufufuo. Kuzitoa kwenye daftari na kuzifikisha uani ndiko kazi ilikokuwa.

Suala ambalo bado halijakaa sawa ni la wanawake. Masista wa Bukoba wamefundisha na kuuguza kwa vizazi vingi, na wengine wana elimu ya theolojia isiyopungua ya mapadre wanaofanya nao kazi, lakini mahubiri ya Jumapili si yao. KKKT ilikubali kuwabariki wanawake kuwa wachungaji kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, na kila dayosisi ikafuata kwa mwendo wake. Faida moja ya uamuzi huo huonekana msibani. Mchungaji mwanamume hukaa nje na wazee wa ukoo. Mwenzake wa kike anaweza kuingia ndani, akaketi kwenye nyasi karibu na mjane, na kusikia yanayosemwa pale kuhusu shamba na watoto kabla wazee hawajaamua.

Na yanayosemwa pale yana sheria yake. Kisa kimoja kilianzia katika mahakama ya mwanzo wilayani Muleba: mwanamke alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, na ndugu wakadai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka hayo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inakwenda kinyume cha katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Hukumu hiyo hutajwa na wanasheria hadi nje ya Tanzania. Kwenye vibanja vya Muleba na Bukoba inajulikana pale tu ambapo mmoja wa waliohudhuria siku ya kusoma wosia ameisikia, na mara nyingi mtu pekee mwenye elimu ya juu kwenye benchi hilo ni padre au mchungaji.